Jicho Lina Saa Yake

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini isogeze redio karibu. Kama una mtoto mapajani, mgeuze akutazame, maana leo tunazungumza juu ya macho yake. Hasa tutazungumza juu ya yale ambayo wewe mama, au wewe unayemlea mtoto, unaweza kuyafanya nyumbani kabla hujamfikia daktari yeyote.

Nianze na kisa kimoja. Siku moja nikiwa kazini katika kliniki ya macho, aliingia mama akiwa na mvulana wa miaka minne. Mtoto alikuwa amefunikwa leso kichwani kwa sababu hakuweza kuvumilia mwanga. Nilipoifunua ile leso, jicho la kulia lilikuwa jekundu kama pilipili, na katikati, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na doa jeupe. Nikamuuliza, "Mama, jambo hili lilianza lini?" Akanijibu, "Daktari, leo ni siku ya nane. Tulikuwa tunapalilia, jani la mahindi likamkwaruza."

Siku nane, msikilizaji. Na mama huyu hakuwa mzembe. Siku ya kwanza, nyanya wa mtoto alikamua maji ya majani akamtilia. Siku ya tatu, jirani aliwapa dawa ya matone iliyobaki nyumbani kwake. Siku ya tano, mama alinunua dawa nyingine dukani. Siku ya saba, akauza kuku wawili akapata nauli. Kila alilolifanya, alilifanya kwa kumpenda mtoto wake. Sisi tulifaulu kukiponya kidonda, lakini kovu jeupe lilibaki. Kwa jicho lile, mtoto yule anatambua tu kama ni mchana au ni usiku.

Kilichonisikitisha zaidi ni kuwa dawa aliyoihitaji siku ile ya kwanza ilikuwa tyubu moja ndogo ya mafuta ya macho, ya aina inayowekwa katika zahanati zetu za kawaida.

Kwa hivyo, hata ukisahau mengine yote nitakayosema leo, kumbuka hili moja: jicho lina saa yake. Kuna mambo ya jicho yanayohesabiwa kwa dakika. Kuna ya saa, kuna ya siku, kuna ya wiki. Na kuna yale yanayokuja polepole, kwa miezi na miaka. Mama anayezijua saa hizo ndiye mhudumu wa kwanza wa macho katika boma lake. Tuzifuate moja baada ya nyingine.

Tuanze na dakika.

Mtoto amerukiwa jichoni na simiti, chokaa, asidi ya betri, dawa kali ya kufulia, dawa ya kuogesha mifugo, au ule utomvu mweupe wa mimea ya ua. Hapa usikimbilie hospitali kwanza. Kimbilia maji. Kama kuna vipande vya simiti au chokaa, vipanguse upesi, kisha anza kuosha. Mwinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia, ili maji machafu yasiingie katika jicho la pili. Lifungue jicho kwa vidole, maana atalifumba kwa nguvu, kisha umimine maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje. Endelea hivyo kwa nusu saa nzima. Usianze kuchemsha maji. Chukua maji safi yaliyo karibu nawe, yawe ya bomba au ya mtungi wa kunywa. Mtoto atalia, nawe utatamani kuacha. Usiache. Ukimaliza, mpeleke hospitali siku iyo hiyo, na ubebe chupa ya ile dawa ili daktari aione.

Kama ni vumbi tu au kidudu, mwambie asisugue, kisha uoshe vivyo hivyo kwa maji safi. Usitoe taka kwa ulimi wala kwa ncha ya kijiti. Ikikataa kutoka, nenda zahanati.

Lakini kama mwiba, waya, kalamu au kijiti kimelitoboa jicho, hapo mambo ni tofauti. Usilioshe. Usitie dawa yoyote. Kama kitu bado kimekwama ndani, usikichomoe. Lifunike jicho kwa kikombe kidogo kisafi cha plastiki, bila kulikandamiza, na uanze safari ya hospitali mara moja.

Sasa tufike kwenye saa. Hapa ndipo alipoumia mtoto wetu wa shambani.

Kioo cha mbele cha jicho ni chembamba sana. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Jani la mahindi, ukucha au tawi likikichubua, viini vinapata mlango wa kuingilia. Dawa ikitangulia, mlango hufungwa. Viini vikitangulia, kidonda huanza, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe lisilopitisha mwanga.

Je, tuna saa ngapi? Katika eneo la Bhaktapur, nchini Nepal, wahudumu wa vijijini walifunzwa kuwatambua watu waliochubuka kioo cha jicho na kuwapa dawa ya mafuta ya kuua viini, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001. Watu waliotibiwa hivyo walikuwa 442. Kati yao, 284 walianza dawa kabla ya saa 18 kupita, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kidonda. Wengine 49 walichelewa, wakaanza dawa kati ya siku moja na siku mbili baada ya kuumia. Kati ya hao 49, watu 14 walipata vidonda. Dawa ilikuwa ile ile moja. Kilichowatenganisha ni saa.

Kwa hivyo mtoto akikwaruzwa asubuhi, mchana awe amefika zahanati. Akikwaruzwa jioni, alfajiri muwe njiani. Na hapo katikati, usimtilie kitu chochote jichoni: si maji ya majani, si maziwa ya titi, si mkojo, si mate, si asali, si maji ya sukari. Vitu hivi vikiingia katika jicho lililochubuka vinapeleka viini ndani, na vinakula saa zako.

Vile vile, usitumie dawa iliyobaki ya jirani. Kuna matone ambayo huondoa wekundu haraka, ukafikiri mtoto amepona, kumbe yanapunguza nguvu za jicho za kupigana na viini. Matone hayo hayo yakitumiwa muda mrefu bila kuangaliwa na mtaalamu, kwa mfano kwa mtoto ambaye macho yake huwasha kila mara, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa ya macho ni kama mswaki: kila mtu na wake.

Najua si rahisi kumzuia mama mkwe au nyanya aliyelea watoto wengi kabla yako. Usibishane naye. Mwambie kwa heshima, "Mama, tusitie kitu bado. Hebu twende sote akaangaliwe." Mkienda pamoja, atayasikia maneno kwa masikio yake mwenyewe, na siku nyingine yeye ndiye atakayekuhimiza kuondoka mapema.

Sasa tuje kwenye siku.

Mtoto mchanga akiwa na macho yaliyovimba na kutoa usaha, asilale nyumbani hata usiku mmoja. Usaha huu aghalabu hutokana na viini ambavyo mtoto amevipata akizaliwa. Ule mkali zaidi huanza kati ya siku ya pili na ya tano, na unaweza kulitoboa jicho kwa muda mfupi sana. Panga macho yake kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, kisha uondoke. Hospitalini atahitaji dawa ya mwili wote, mara nyingi sindano, na baba na mama nao watatibiwa. Hilo lisiwaletee ugomvi wala aibu nyumbani. Wanaotibiwa ni watu wawili, wanaookolewa ni macho mawili.

Mama mjamzito unayenisikiliza, siku ya kujifungua uliza, "Mtoto wangu amepakwa dawa ya macho?" Kila mtoto anayezaliwa anastahili kupakwa mafuta ya tetrasaiklini ya macho muda mfupi baada ya kuzaliwa. Kama umejifungulia nyumbani au njiani, mpeleke mtoto kliniki mapema iwezekanavyo.

Baada ya siku ni wiki.

Mchukue mtoto wako, mwangalie machoni mahali penye mwanga wa kutosha. Mboni, yaani kile kiduara cha katikati, inatakiwa kuwa nyeusi. Ukiona weupe ndani yake, au ukiona unang'aa kama jicho la paka usiku, au ukaona katika picha jicho moja linang'aa jeupe, usingoje kliniki ijayo ya chanjo. Mpeleke wiki hii. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao hata watoto huzaliwa nao, na unaohitaji upasuaji mapema, kwa sababu ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ile ya kwanza. Ukichelewa, jicho linaweza kusafishwa lakini ubongo ukawa haukujifunza kulitumia. Au huenda ni saratani ya jicho la mtoto. Ndiyo, saratani. Najua neno hilo linatisha, lakini ikigunduliwa mapema inatibika, na mtoto huishi.

Makengeza nayo, kama bado yapo mtoto akishapita miezi sita, yanahitaji kuangaliwa. Si bahati, wala si urembo.

Nikupe kipimo kidogo cha nyumbani. Mtoto akiwa anacheza na kitu anachokipenda, mfunike jicho moja kwa kiganja chako bila kuligusa. Kisha funika la pili. Kama anatulia unapofunika moja, lakini analia na kuusukuma mkono unapofunika lingine, basi lile unaloliacha wazi wakati analia huenda halioni vizuri. Mpeleke akapimwe. Na mtoto wa shule anayekaa dawati la mbele akishindwa kusoma ubao, au anayeshika kitabu puani, msimwite mjinga kabla hajapimwa macho.

Sasa tuje kwenye miezi. Hapa saa inakwenda taratibu, na ndiyo maana tunaisahau.

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kushindwa kuona jioni. Jua likizama, wenzake wanakimbia, yeye anajikwaa au anakaa tu pembeni. Baadaye macho hukauka, na unaweza kuona doa lenye povu povu kwenye sehemu nyeupe. Akiachwa hivyo, kioo cha jicho hulainika na kuoza. Na vitamini A inayopungua machoni imepungua mwilini pia: mtoto kama huyo huzidiwa upesi na surua na kuharisha.

Kinga yake iko karibu nawe. Mpe mtoto yale maziwa ya kwanza ya manjano anapozaliwa, na umnyonyeshe bila kumwongezea kitu kingine kwa miezi sita. Baadaye mpe mchicha, kunde, sukuma wiki, malenge, karoti, maembe, mapapai, na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani. Mboga zipike kwa mafuta kidogo, maana mafuta ndiyo yanayoibeba vitamini hiyo mwilini. Ukipata yai au kipande cha ini, mtoto ale kabla ya mgeni.

Kisha angalia kijitabu chake cha kliniki. Kuanzia miezi 6, mtoto anatakiwa kupewa tone la vitamini A kila baada ya miezi sita mpaka afikishe miaka 5. Chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18. Akiugua surua, mpeleke kituoni, kwa sababu anahitaji vitamini A siku mbili mfululizo ili kuyalinda macho yake.

Mwisho ni miaka.

Wasikilizaji wetu wa Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Narok na Kajiado wanaufahamu ugonjwa wa trakoma. Huanza utotoni, kwa macho mekundu yenye tongo. Nzi hulifuata tongo, hutua kwa mtoto huyu, kisha kwa yule. Leso moja inayofuta nyuso tatu hufanya kazi ile ile ya nzi. Ugonjwa ukirudi mara nyingi, sehemu ya ndani ya kope hupata makovu, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Mama mwenye nywele za kope zilizoingia ndani asiishi kwa kuzing'oa kila wiki. Zinarudi tena. Kuna upasuaji mdogo wa kurekebisha kope, na mtu hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Kwa watoto, silaha ya kwanza ni uso safi. Utaniambia, "Daktari, maji tunayateka mbali." Ni kweli. Basi tengeneza kibuyu chirizi: chukua mtungi mdogo wa plastiki, utoboe tundu dogo karibu na kitako, uuzibe kwa kijiti, uuning'inize karibu na mlango wa choo au wa jikoni. Maji ya kikombe kimoja yanatosha kuosha nyuso kadhaa yakichirizika hivyo. Chimbeni choo, mkifunike, na zizi la mifugo liwe mbali na mahali watoto wanapolala. Na siku dawa ya trakoma inapogawiwa kijijini, kila mtu anayestahili aimeze, hata asiyeumwa.

Halafu mfikirie nyanya. Kama haoni kwa sababu mboni yake imekuwa nyeupe, usiseme ni uzee tu. Mtoto wa jicho ndio unaopofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa macho, na dawa yake si matone wala miwani, ni upasuaji. Ule ukungu hutolewa na lenzi ya bandia huwekwa mahali pake. Hospitali za macho kama ile ya Kikuyu, ya Sabatia kule Vihiga, na kituo cha macho cha Kwale zinafanya kazi hiyo, na zipo kambi za macho zinazofika mashinani. Kumbuka kuwa nyanya asiyeona hushikwa mkono na mjukuu, na mjukuu huyo mara nyingi ni msichana aliyepaswa kuwa darasani. Ukimtibu mmoja, umewafungulia njia wawili.

Msikilizaji, nimekaribia kumaliza. Nakuachia kazi tatu za wiki hii. Ya kwanza, leo kabla hawajalala, mwangalie kila mtoto machoni, kisha ukitazame kijitabu chake cha kliniki. Ya pili, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, umuulize zahanati gani iliyo karibu ina dawa ya mafuta ya macho na hufunguliwa saa ngapi. Ya tatu, mkikutana kwenye chama, kubalianeni kuweka kando nauli ya dharura, ili pasiwe na mama wa kungoja siku saba auze kuku.

Yule mama niliyeanza naye alirudi mwezi uliofuata kwa uchunguzi. Kabla hajaondoka alinionyesha mtoto wa jirani aliyekuwa amemleta, amekwaruzwa na tawi jana yake jioni. "Huyu," akaniambia, "nimemleta kabla ya chai." Tulipaka dawa, na jicho lile lilipona bila alama.

Jicho lina saa yake. Usiipoteze. Mpaka tukutane tena wiki ijayo, nakutakia wewe na wote unaowalea macho mema na afya njema. Kwaheri.